Tangawizi, saumu, manjano au mukombero: upi utakulindia chakula?

Swali hili huniletewa na watu wa aina mbili. Wa kwanza anauza: juisi ya miwa, kuku aliyekwisha kutiwa viungo, pilipili ya chupa. Wa pili hauzi chochote, ila anaishi nyumba ya kupanga isiyo na friji, au friji ipo lakini stima inakuja inapotaka. Wote wawili wanakimbia kemikali. Tangu Julai 2019, taarifa ya uchunguzi ya runinga iliposema kwamba nyama katika baadhi ya maduka makubwa inatiwa sulfaiti ili ibaki nyekundu, mteja wa Nairobi amejifunza kuuliza kabla ya kutoa pesa: "Umeweka nini humu?" Ukimjibu "tangawizi na saumu tu, mama," uso wake unalegea na mkono unaingia mfukoni.

Mimi hupika chakula cha watu. Siku za kazi napeleka masinia ofisini, wikendi ni ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) na mazishi. Nimetumia mizizi hii minne kwa miaka, nikafaulu nayo na kuaibika nayo. Nilichogundua ni kwamba kuuliza "upi una nguvu zaidi" ni kuanzia mwisho. Anza na chakula: kina mafuta kiasi gani, kina ukali wa ndimu, kitaliwa kibichi au kitachemshwa. Chakula chenyewe ndicho huchagua mzizi.

(Mwalimu wa bayolojia asinichape: saumu ni tunguu, tangawizi na manjano ni mashina yanayotambaa chini ya udongo, na ni mukombero pekee ulio mzizi kamili. Sokoni vyote vinatoka ardhini na udongo wake, na udongo huo tutarudi kuuzungumzia.)

Jambo moja tukubaliane mapema. Mizizi hii hupunguza kasi ya vijidudu. Haiui vyote, na haikomboi chakula kilichokwisha kuharibika. Bakteria aitwaye Staphylococcus, anayeishi puani na mikononi mwetu, akishatema sumu kwenye kuku, unaweza kumchemsha kuku huyo mpaka mifupa ilainike na sumu ikabaki palepale. Saumu ukiiongeza hapo umeongeza harufu.

Tutavipima vyote vinne kwa mambo matano: kinashika vijidudu gani; nguvu yake inatolewaje na inapotea vipi; ladha na rangi yake zinakaa na chakula gani; kina mtego gani; na kinapatikana wapi hapa mjini.

Kila kimoja kinashika nani

Shika punje ya saumu ambayo haijamenywa na uinuse. Karibu hainuki. Iponde, na baada ya sekunde chache chumba kizima kinajua. Ndani ya punje nzima kuna vitu viwili vilivyotengwa, kila kimoja chumbani mwake: kiini kiitwacho aliini, na kimeng'enya (enzaimu) cha kukivunja. Kisu kinapobomoa kuta hizo, viwili vinakutana na kuzaa alisini. Wanakemia wawili wa Marekani, Chester Cavallito na John Hays Bailey, ndio walioitenga mwaka 1944. Alisini hushambulia sehemu zenye salfa katika vimeng'enya vya vijidudu, na kwa kuwa karibu kila kijidudu kina sehemu hizo, inagusa wengi: bakteria wa makundi yote mawili makubwa, hamira, hata ukungu. Kwa upana wa shabaha, hakuna kati ya vingine vitatu anayeifikia.

Tangawizi ina jinjeroli, ule ukali unaouma ulimi, pamoja na mafuta yake yenye harufu. Ni mpiganaji wa wastani. Huwasumbua zaidi bakteria wasio na utando wa ziada nje, kama Staphylococcus na Bacillus. Wale wenye utando huo, E. coli na Salmonella wakiwemo, huivumilia vizuri sana. Sasa fikiria kuku mbichi hubeba nani.

Manjano yana kurkumini, ile rangi yenyewe, na mafuta ambayo maabarani yamezuia ukungu wa Aspergillus. Kwa bakteria hali yake inafanana na ya tangawizi: wasio na utando wa ziada hupata taabu, wenye utando hupata taabu kidogo. Kurkumini ina kituko kimoja: ikimulikwa mwanga wa buluu huamka na kuua bakteria kwa nguvu zaidi, na watafiti wa vyakula wanalifuatilia hilo kwa taa maalumu. Kwenye meza ya kibanda chako usilitegemee jua kwa kazi hiyo, linapausha rangi.

Mukombero, ambao wataalamu wa mimea huuita Mondia whitei, unanukia vanila, na si bahati mbaya. Molekuli inayotoa harufu hiyo ina atomi zilezile za vanilini, idadi ileile, ila zimepangwa kwa namna nyingine. Molekuli hiyo huzuia baadhi ya vijidudu maabarani, lakini sifa yake ninayoipenda ni tofauti: huzuia tairosinasi, kimeng'enya cha ukoo uleule unaofanya uyoga na viazi vilivyokatwa kugeuka kahawia. Kwa chakula kinachoharibika machoni kabla ya kuharibika tumboni, hilo si jambo dogo. Ila kati ya vinne hivi, mukombero ndio uliojaribiwa kidogo zaidi ndani ya chakula halisi. Sifa zake nyingi mtaani ni za chumbani, si za jikoni.

Na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wakisoma kwamba maji ya mzizi fulani "yaliua bakteria", hawaulizi yaliwaua wapi. Yaliwaua kwenye kisahani cha maabara, penye supu nyepesi isiyo na mafuta. Ndani ya chakula, mafuta hukumbatia viini hivi na kuviweka mbali na bakteria, protini huvinasa, wanga huvificha. Kwa mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye viungo, kipimo kilichotosha kisahanini huhitaji kuongezwa mara kumi kwenye chakula, na kwenye jibini laini hata mara mia. Ukitia tangawizi ya kiasi hicho kwenye pilau, hakuna atakayelila. Isitoshe, wengi wa watafiti hao hukamua kwa pombe kali, na wewe unakamua kwa maji ya mfereji.

Kuitoa nguvu, na inavyokufa

Saumu ni kama kijana mwenye hasira: nguvu nyingi, haidumu. Ukiitupa punje nzima kwenye mafuta ya moto, kimeng'enya kinakufa kabla hakijazaa chochote, na unabaki na ladha tamu isiyotisha kijidudu. Iponde, iache dakika kumi kwenye kibao, kisha ndipo uipeleke unakotaka. Kosa ninaloliona kila siku ni kuponda saumu ndani ya maji ya ndimu moja kwa moja. Ukali wa ndimu nao hukizima kimeng'enya. Ponda kwanza, subiri, halafu kamulia ndimu. Tofauti ni ya mpangilio tu, haiongezi hata shilingi. Na usitengeneze ya wiki nzima, kwa maana alisini huvunjika yenyewe, na joto la jikoni huiharakisha.

Tangawizi ni mvumilivu. Moto hauimalizi. Ikikaushwa, jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, ndiyo maana ya unga hukwaruza koo kuliko mbichi. Lakini maji hutoa sehemu tu ya ukali wake. Kilichobaki kinakaa kwenye makapi unayoyatupa. Ukitaka vyote, saga na uiache ndani, usichuje.

Manjano hayaelewani na maji kabisa. Koroga kijiko kwenye glasi ya maji, iache hadi umalize kuosha vyombo, rudi uangalie: unga umelala chini na maji juu yana rangi ya kuazima. Kurkumini hutaka mafuta. Ikaange taratibu kwenye mafuta ya vuguvugu na utaona mafuta yote yakigeuka dhahabu, hapo ndipo imetoka. Ukiitia kwenye sufuria yenye magadi, mambo hubadilika: rangi inakuwa nyekundu kama ya matofali. Mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa kitu bandia, nikataka kurudi sokoni kwa vita. Ni kemia tu. Magadi ni chumvi kinyume cha asidi, na kurkumini hubadili rangi ikikutana nayo.

Mukombero harufu yake hupaa na mvuke. Chemsha ukiwa umefunika, na usichemshe sana. Mzizi uliokauka hutunza harufu kwa muda mrefu, mradi hauloani.

Nyongeza ya sisi wa Nairobi: mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Ukifuata maelezo yaliyoandikwa pwani, ongeza dakika.

Chakula kitakubali?

Kila aliyepika chai ya tangawizi ameshaona maziwa yakikatika. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachomeng'enya protini, na maziwa ya vuguvugu yakikutana nacho hugawanyika vipande. Chemsha tangawizi kwenye maji kwanza ili kimeng'enya kife, ndipo uongeze maziwa. Kwenye nyama, kimeng'enya hichohicho ni rafiki kwa saa mbili na adui ukilala. Niliwahi kuloweka mbuzi wa sherehe kwa tangawizi mbichi usiku kucha, nikifikiri namlinda na kumlainisha kwa pamoja. Asubuhi nilipomchoma kwenye vijiti, vipande vikawa vinadondoka kwenye makaa kama uji mzito. Nje vimelegea, ndani bado vigumu. Mwenye sherehe aliniangalia tu.

Saumu hukaa popote penye chumvi: nyama, ndengu, maharagwe, mboga. Kwenye juisi, sahau. Wapo wanaojaribu, na nimewahi kuonja moja. Siirudii.

Manjano hukubaliwa na samaki, wali, viazi, kuku. Rangi yake hukubaliwa na kila kitu, hata visivyotakiwa: bakuli za plastiki, kitambaa cheupe cha meza, kucha za bibi harusi. Ladha yake ni ya udongo kidogo, na ikizidi huwa chungu.

Mukombero una utamu ulioambatana na uchungu, na harufu ya keki. Uweke kwenye chai ya rangi, uji, juisi ya nanasi. Kwenye mchuzi wa nyama utaulizwa kama umekosea kopo.

Mitego

Hapa nitakaa, maana ndipo watu huumia.

Mtego wa saumu ni mafuta. Saumu iliyopondwa, ikafunikwa kwa mafuta, ikawekwa kwenye chupa kabatini, ni nzuri kwa macho na inaweza kuua. Udongo wa saumu hubeba mbegu ngumu za Clostridium botulinum, bakteria mwenye sumu kali. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa kwa kawaida. Zinachotaka ni mahali pasipo hewa, pasipo asidi, penye joto la chumba, na chupa ya saumu ndani ya mafuta ni hivyo vyote vitatu kwa pamoja. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya saumu ya namna hiyo iliyotumika mkahawani bila kuwekwa kwenye baridi. Miaka minne baadaye wengine 3 wakaugua katika jimbo la New York, na Marekani ikaamuru saumu ya mafuta ya kuuzwa itiwe asidi. Ajabu yake ni kwamba hiki ni kiungo tunachokisifu kwa kuua bakteria, na bakteria huyo alikua ndani yake bila wasiwasi, bila harufu mbaya ya kuonya mtu. Ukitengeneza ya nyumbani, iweke kwenye friji na iishe ndani ya siku nne. Huna friji? Usiitengeneze.

Saumu ikigeuka kijani au buluu ndani ya siki, kwa upande mwingine, usiitupe. Ni salfa yake ikikutana na asidi amino, haina madhara. Nimeona watu wakimwaga ndoo nzima ya achari kwa hofu hiyo.

Mtego wa tangawizi ulininasa mimi mwenyewe. Ijumaa moja nilisaga tangawizi mbichi na ganda lake, nikakoroga na sukari na maji, nikajaza chupa ya plastiki ya lita mbili na kuiacha juu ya kaunta. Nilijiambia: tangawizi inalinda, sukari inalinda. Jumapili asubuhi chupa ilikuwa imeinuka, kitako kimejaa mpaka haisimami, inayumba kama mlevi. Nilipolegeza kifuniko, povu lilipiga dari na kurudi usoni. Ganda la tangawizi hubeba hamira za asili na bakteria wa kuchachusha. Watu wa bia ya tangawizi huzitega makusudi kwa tangawizi na sukari, na mimi nilikuwa nimewatengenezea nyumba bila kujua. Ile niliyoiita kinga ilikuwa mbegu. Tangu siku hiyo tangawizi ya juisi namenya, naosha kwa maji safi, nachemsha, ndipo naitumia. Na chupa inakaa kwenye baridi.

Mtego wa manjano ni wa unga. Nchini Bangladesh, watafiti walikuta baadhi ya wauzaji wakitia kromati ya risasi (ile metali yenye sumu) ili rangi ing'ae, na risasi hiyo huingia kwenye damu ya mtoto na haitoki kirahisi. Hilo halimaanishi kwamba unga wa kila duka la Nairobi una shida, ila limenifanya ninunue mizizi mizima na kusaga mwenyewe. Unga wa viungo pia, uwe wa manjano au wa tangawizi, hubeba mbegu za Bacillus ambazo hungoja wali wenye joto la vuguvugu ziamke. Ukinyunyiza unga mbichi juu ya chakula kilichopoa ukidhani unakilinda, huenda ndiyo kwanza umemkaribisha mgeni.

Mukombero mtego wake haumo chupani bali msituni. Huchimbwa mzizi, na mzizi ukitoka mmea hufa. Mwingi hutoka Magharibi, pande za Kakamega, na unaochimbwa porini unazidi kuwa mbali mwaka hadi mwaka. Ukiupenda, tafuta wa aliyeupanda shambani. Tena kwa sababu watu wanautumia kama dawa, usimpe mteja bila kumwambia umo ndani.

Sokoni

Tangawizi na saumu hazihitaji maelezo: Marikiti, Gikomba, kwa mama mboga wa karibu. Bei hupanda na kushuka, lakini hazikosekani. Saumu chagua vichwa vigumu visivyochipua. Manjano makavu yapo kila duka la viungo. Mabichi utayapata kwa urahisi zaidi Ngara na Parklands, kwa wauza mboga wa Kihindi. Mukombero huuzwa na vijana wanaotembea nao katikati ya mji na kwenye vituo vya matatu, vifungu vidogo vya vijiti vya kutafuna. Kwa matumizi ya jikoni kiasi hicho ni kidogo na ghali, kwa hiyo kama una biashara utahitaji mtu wa kukuletea kutoka Magharibi.

Kila kimoja na mtu wake

Saumu inamfaa mpishi wa chakula cha chumvi anayepika na kuuza siku hiyohiyo. Haimfai anayetaka kuweka akiba kwenye chupa.

Tangawizi inamfaa muuza vinywaji na mtu wa chai, kwa sharti la kuichemsha. Nyama pia, kwa saa chache. Kama unategemea ikulinde kuku mbichi dhidi ya Salmonella, unajidanganya.

Manjano yanamfaa anayekaanga: samaki, viazi, kuku wa mafuta. Anayetaka kinywaji safi chenye rangi yake ya asili atafute kingine.

Mukombero unamfaa mwenye kinywaji cha kujitofautisha na wenzake, na mwenye matunda ya kukatwa ambaye ana subira ya kujaribu kidogo kidogo. Ukitaka kitu kilichojaribiwa na wengi kabla yako, bado.

Sina ugomvi na sodiamu benzoeti, ile kemikali ya kuhifadhi vinywaji, nisisitize. Inaruhusiwa kwa kiasi kilichowekewa mpaka, na katika kinywaji chenye asidi hufanya kazi ambayo hakuna mzizi wowote hapa unaoweza kuifanya kwa kiasi kinachonyweka. Anayejaza chupa za kukaa miezi rafuni anaihitaji, au anahitaji mtambo wa joto. Anayeuza glasi kwa glasi hahitaji chochote kati ya hivyo.

Kulingana na ulicho nacho mkononi

*Juisi ya miwa au ya matunda, inauzwa leo.* Tangawizi iliyomenywa na kuchemshwa, pamoja na ndimu. Kazi kubwa inafanywa na ndimu, kwa kushusha pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi). Tangawizi inasaidia na inaleta ladha. Barafu iwe ya maji ya kunywa. Mashine ya miwa isafishwe kila baada ya saa chache, kwa sababu utamu uliokauka kwenye meno yake ni shamba la hamira, na hakuna mzizi unaoshinda mashine chafu.

*Kuku au nyama ya kuchomwa jioni.* Ponda saumu, subiri dakika kumi, ongeza ndimu, chumvi, na tangawizi kidogo mwishoni. Funika, weka kwenye baridi. Kama friji imezima, punguza muda wa kuloweka; usiongeze saumu ukidhani itachukua nafasi ya baridi. Nyama mbichi kwenye joto la jikoni saa mbili zinatosha, na jua likiwa kali la Januari hata hizo ni nyingi.

*Samaki kutoka Gikomba au City Market, safari ni ya matatu na foleni.* Mkaushe kwa kitambaa, mpake chumvi na manjano yaliyochanganywa na mafuta kidogo, umkaange ukifika. Chumvi ndiyo inayovuta maji na kuwanyima bakteria kinywaji. Manjano yanapunguza shombo na kumpa rangi. Ila kama wekundu wa mashavu yake umekwisha kugeuka kahawia hapo sokoni, mrudishe.

*Ndengu au githeri ya jana.* Hapa tatizo ni kupoa taratibu, na mizizi haina la kusema sana. Sufuria kubwa iliyofunikwa usiku kucha hukaa vuguvugu mpaka asubuhi. Gawa kwenye vyombo bapa, ipoe haraka, kisha iweke kwenye baridi. Saumu iliyopikwa ndani tangu mwanzo imekwisha kupoteza alisini. Iko kwa ajili ya ulimi.

*Viazi na matunda yaliyokatwa.* Ndimu kwanza. Ukitaka kujaribu mukombero, chemsha vijiti vichache kwenye maji kidogo ukiwa umefunika, poza, na uloweke parachichi au ndizi robo saa. Jaribu kando ya sahani isiyotiwa chochote na uangalie mwenyewe rangi baada ya saa mbili.

*Mahindi ya gunia.* Manjano hayataokoa mahindi yenye ukungu, haidhuru yamezuia nini maabarani. Mwaka 2004, watu 125 walikufa nchini kwa mahindi yenye sumukuvu, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha, kuchemsha wala kutia kiungo. Kausha kabla ya kuhifadhi, na mahindi yaliyobadilika rangi usiwape kuku wala ng'ombe, kwa maana itarudi kwenye maziwa.

*Pilipili ya chupa unayotaka kuiuza madukani.* Saumu na tangawizi ziwe kwenye siki, zisiwe kwenye mafuta matupu. Nunua kipima pH, kidogo tu cha kushika mkononi, na usitoe chupa yoyote iliyo juu ya 4.6, mimi hulenga chini ya 4. Pima baada ya siku moja pia, si siku ya kupika tu, kwa sababu vipande vya saumu na karoti huchukua muda kunywa siki, na katikati yake asidi huchelewa kufika. Andika tarehe kwenye kila chupa. Watu wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, watataka vipimo hivyo kabla ya kukupa alama, na muuza duka ataangalia alama kabla hajaangalia kama pilipili yako ni tamu.